Harambe ya Florida na Bembea za Mtoni

Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, upo mji wa Waswahili ambao hajapata kuzaliwa Mswahili hata mmoja ndani yake. Jina lake ni Harambe. Ulifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, pamoja na bustani ya burudani ya kampuni ya Disney iitwayo Animal Kingdom, yaani Milki ya Wanyama. Kuta zake zimechujuka rangi kwa makusudi, na nyufa zake zimetiwa na mafundi waliolipwa kutia nyufa. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Wasanifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika Mashariki kuutafutia mji huo sura, na sura waliyorudi nayo ilikuwa kwa sehemu kubwa ni ya Lamu. Juu ya kuta hizo pameandikwa neno ambalo kila mtoto wa pwani hulijua kabla hajajua kuandika jina lake: Uhuru. Na kando ya neno hilo umeandikwa mwaka: 1961.

Watu huenda Harambe kutembea. Baba, mama na watoto huamka mapema, hulipa kiingilio kinachozidi dola 100 kwa mtu mzima kwa siku moja, hupanda gari la wazi la Kilimanjaro Safaris wakawatazama twiga, tembo na simba walio hai, hula, hununua vikumbusho, kisha huingia katika jumba la maonyesho kuutazama mchezo wa nyimbo na ngoma uliotokana na filamu ya The Lion King. Hiyo ndiyo siku ya familia katika bustani iliyozaliwa na filamu. Na kwa kuwa siku hiyo imejengwa kwa maneno ya Kiswahili, ni haki ya wenye maneno kuisoma na kuihakiki, kama wanavyohakiki riwaya au utenzi.

Bustani ya namna hii ni filamu inayotembelewa kwa miguu. Disney ilikuwa kampuni ya filamu kabla ya kuwa na bustani; ilipofungua Disneyland huko California tarehe 17 Julai 1955, ilichofanya ni kumwinua mtazamaji kitini, kumtoa gizani na kumwambia apite ndani ya pazia. Mwaka huohuo wa 1955, mjini Unguja, jumba la Majestic lilifunguliwa mahali palipoungua jumba la Royal mwaka 1953, na watu wa mji wakaingia humo kutazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani. Pande zote mbili za dunia, basi, familia zilikuwa zikitoka nyumbani kuifuata hadithi. Tofauti ni kuwa Unguja hadithi ilibaki kwenye pazia, na aliyetaka kutembea ndani yake ilimbidi atumie kichwa chake mwenyewe.

Kwa hivyo maswali ya kuiuliza Harambe ni yaleyale anayoulizwa msanii wa hadithi yoyote. Nani anasimulia? Nani anasimuliwa? Huyo anayesimuliwa amepewa ulimi, au amepewa sura tu? Na mahali pazuri pa kusimama ili kuyauliza maswali hayo si Lamu, ambako ukuta wa bandia utalinganishwa na ukuta wa kweli na mjadala ukaishia kwenye chokaa. Ni Mtoni.

Mtoni inayokusudiwa hapa si ile ya Unguja yenye magofu ya kasri la Seyyid Said, alikozaliwa Salme mwaka 1844. Ni Mtoni ya Temeke, Dar es Salaam, kandokando ya barabara ya Kilwa: kwa Aziz Ali, Mtongani, na mitaa inayoelekea Kijichi. Hapa hakuna ngome ya kupigwa picha. Kuna nyumba za matofali ya saruji, mama lishe na masufuria yao, mafundi wa kuchomelea vyuma, misikiti na makanisa, na watu waliotoka Rufiji, Kilwa, Lindi, Mtwara na visiwani wakakutana katika lugha moja. Kiswahili cha hapa hakikuwekwa ili kitazamwe. Kinabembeleza, kinatania, kinakopa na kudai. Kama lugha ina makao, basi makao yake ni mitaa ya namna hii, ambako hakuna anayeiandika ukutani kwa sababu kila mtu anayo kinywani.

Na watu wa Mtoni nao hutoka kwenda kutembea. Siku za Idi, watoto huvaa nguo mpya, hupewa mkono wa Idi, na hutafuta bembea popote zilipofungwa. Katika Julai siku yao ni Sabasaba. Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam hufanyika kila mwaka katika viwanja vya Mwalimu Julius K. Nyerere, barabara hiyohiyo ya Kilwa, mwendo mfupi kutoka Mtoni. Kwa mujibu wa makaratasi ni maonyesho ya biashara; kwa mujibu wa watoto ni bustani. Baba anataka kutazama mashine, mama anataka kupita kwenye vyombo vya ndani, bibi anataka kivuli, na watoto wanataka bembea, koni, na banda la Maliasili ambako simba huonyeshwa akiwa hai. Wapo watoto wengi wa Dar es Salaam ambao simba wa kwanza kumwona kwa macho yao walimwona hapo, nyuma ya nondo, katikati ya msongamano wa watu, wakiwa wamebebwa mabegani.

Siku hizi mbili, ya Harambe na ya Sabasaba, zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Zote zina kiingilio, foleni, vitamu, jua, mtoto aliyechoka anayelia jioni, na simba. Linalozitenganisha ni lugha.

Mtu akizikusanya mbao za Harambe na za hoteli ya bustani hiyo, ataona namna Kiswahili kilivyotumika humo. Kibanda cha vitamu kinaitwa Tamu Tamu. Baa inaitwa Dawa. Duka la hoteli linaitwa Zawadi, mikahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, na jengo kuu la hoteli linaitwa Jambo. Maneno yenyewe ni mazuri na hayana kosa la tahajia. Lakini karibu yote ni majina matupu. Hayakupewa upatanisho wa ngeli wala kitenzi, na Kiswahili bila kitenzi ni mashua bila tanga: inaelea, inapendeza kwa macho, haiendi popote.

Neno Jambo ndilo linalofichua siri. Waswahili hawasalimiani kwa kutaja jambo. Husema hujambo, yaani wewe huna jambo, na hujibiwa sijambo, yaani mimi sina jambo. Salamu hiyo ni ya watu wawili, na uhai wake umo katika vile viambishi viwili vidogo, hu- na si-, ambavyo ndivyo vinavyobeba nafsi ya anayesalimiwa na nafsi ya anayejibu. Ondoa viambishi hivyo, na kilichobaki si salamu tena. Ni shauri lililoachwa barabarani bila mwenyewe. Mtoto wa Mtoni akimkuta jirani mzee humwambia shikamoo na kusubiri marahaba. Asipoipata, hujua kuna lililoharibika. Mgeni wa Harambe huambiwa jambo, na hakuna jibu linalotakiwa kwake isipokuwa kulirudia neno hilohilo, kama mwangwi.

Hapo ndipo ilipo hoja ya uhakiki huu. Kiswahili cha Harambe ni lugha iliyovuliwa nafsi. Sarufi inaliita jambo hilo upungufu wa kiambishi. Maisha yanaliita upungufu wa mtu. Mji umejengwa wenye ukuta, paa, duka, mnyama na jina, lakini mwenye kusema mimi ndani yake hakuwekwa.

Upungufu huo unaonekana pia katika historia ya mji. Jina Harambe limetoka katika harambee, mwito ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa kaulimbiu ya Kenya, nalo likapunguzwa irabu moja safarini. Sura ya mji ni ya Lamu, iliyoko Kenya. Mlima katika jina la safari ni Kilimanjaro, ulioko Tanzania. Mwaka wa uhuru, 1961, ni wa Tanganyika, iliyopata uhuru tarehe 9 Disemba mwaka huo, ilhali Kenya ilingoja hadi Disemba 1963, na Zanzibar vilevile, kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mtetezi atasema kuwa Harambe ni mji wa kubuni, na msanii ana ruhusa ya kuchanganya. Ni kweli, na hakuna mhakiki wa fasihi atakayemnyima msanii ruhusa hiyo. Shaaban Robert naye alijenga nchi ambazo hazimo katika ramani. Lakini nchi ya kubuni katika Kusadikika ina mshitakiwa anayesimama na kujitetea, ina washitaki, ina hoja na majibu. Uhuru katika fasihi hiyo ni neno lenye gharama. Katika ukuta wa Harambe uhuru ni rangi, na 1961 ni tarakimu iliyopakwa ili ukuta uonekane mkongwe.

Lamu yenyewe iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maana yake ni kuwa nakala ya Florida ilikwishafunguliwa miaka mitatu kabla ya asili kupewa cheti hicho. Na asili hiyo haiwezi kuelezwa bila misikiti yake, Maulidi yake ya kila mwaka, mafundi wake wa milango na majahazi, na malenga wa visiwa vile waliotunga tenzi kabla Marekani haijawa na filamu. Anayeijua Lamu anaijua kwanza kwa sauti. Harambe imeichukua kwa macho.

Kutoka mji hadi filamu ni hatua moja, kwani mchezo wa The Lion King umekuwa ukionyeshwa katika eneo hilo la Harambe tangu 2014. Filamu yenyewe ilitoka mwaka 1994, ikafuatwa na mchezo wa jukwaani wa Broadway mwaka 1997, na filamu mpya za 2019 na 2024. Kwa sikio la Mmarekani, Simba ni jina la mtu, zuri na la kigeni. Kwa sikio la Mtoni, simba mkuu wa hadithi anaitwa Simba, na rafiki yake mwenye busara anaitwa Rafiki, kana kwamba mtunzi alifungua kamusi na kuifunga mapema. Ngiri anaitwa Pumbaa, neno la mtu aliyeduwaa akapoteza fahamu ya mambo. Fisi mmoja anaitwa Shenzi.

Jina hili la mwisho lataka kusimamiwa kidogo. Shenzi si neno la mchezo. Watu wa pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara. Mabwana wa kikoloni wakalidaka na kuwatukania wote, wa pwani na wa bara pamoja. Liliambatana na kiboko. Hadi leo mama wa Mtoni akimsikia mwanawe akilitamka humkanya palepale. Na neno hilohilo, katika dunia ya filamu, limebandikwa juu ya mnyama wa kuchekesha na kuuzwa kwa watoto. Pengine waliolichagua walijua maana yake, pengine maana iliwafikia nusu. Kwa msomaji wa Kiswahili matokeo ni mamoja: historia imeng'olewa katika neno, na neno limeuzwa likiwa tupu.

Kisha lipo lile tamko lililozunguka dunia, hakuna matata. Halikuzaliwa katika filamu. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa imekwisha kuliimba katika wimbo wake wa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na lilikuwa lugha ya hoteli za pwani. Mwaka 1994 Disney iliomba huko Marekani kulisajili kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukapatikana mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 habari hiyo ilipozagaa, maelfu ya watu walitia saini maombi ya kuipinga. Baadhi walidhani kuwa Waswahili sasa wangeshitakiwa kwa kusema maneno yao. Sivyo: alama ya biashara haimkatazi mtu kusema, inamzuia mfanyabiashara mwingine kuuza bidhaa za namna hiyo kwa jina hilo katika nchi iliposajiliwa. Lakini hasira ile, hata kama ilikosea sheria, haikukosea jambo. Ilikuwa hasira ya kugundua kuwa kitu kilichokuwa cha wote kimepata karatasi ya umiliki, na jina la mwenye lugha halimo katika karatasi hiyo.

Na hata tamko hili, likitazamwa kisarufi, ni la namna ileile. Hakuna ni neno lisilo na mtu. Linasema mahali fulani kitu fulani hakipo. Mtu wa Mtoni anapomfariji mwenzake humwambia usijali, au haidhuru, au tutafika. Husema na mtu, au husema kwa niaba ya watu. Kati ya maneno yote ya faraja yaliyomo katika Kiswahili, lililopata safari ya dunia nzima ni lile ambalo halimhitaji wa kufarijiwa.

Haki nayo itendeke. Harambe si dhihaka. Waliousanifu mji huo walifanya kazi ya uangalifu kuliko wengi waliowatangulia katika filamu za Afrika, ambamo mtu mweusi alikuwa mbeba mizigo asiye na jina na lugha yake ilikuwa kelele. Hapa lugha ni lugha ya kweli, imeandikwa sawasawa, na mtoto wa Marekani anarudi nyumbani akijua kuwa ipo lugha iitwayo Kiswahili. Hoteli ya bustani hiyo imeajiri vijana kutoka nchi za Afrika wanaozungumza na wageni kuhusu kwao. Wapo pia Waafrika wa Mashariki walioko Marekani ambao wamewapeleka watoto wao pale, wakaona jina la bibi au la mtaa limeandikwa ukutani, wakafurahi. Furaha hiyo si ya kubezwa. Mtu aliye mbali na kwao hushukuru hata kivuli. Lakini mzazi huyo anapomweleza mwanawe maana ya zawadi na dawa na tamu, yeye ndiye anayeitia nafsi lugha ile. Bustani haikumlipa kwa kazi hiyo; tena imemtoza kiingilio.

Sasa mizani igeuzwe. Mtoni nayo imeazima. Kuta za skuli za chekechea za Dar es Salaam zimejaa Mickey Mouse, Tom na Jerry, na Spider-Man, waliochorwa na mafundi wa mabango kwa rangi ya mafuta. Ukutani shingo ya Mickey huweza kuwa ndefu mno, na Spider-Man akawa na kitambi. Vibao vya bembea navyo hupambwa hivyo hivyo, na jumba la kurukia lililojazwa upepo hupambwa kwa nyuso za filamu ambazo kampuni zake haziijui Temeke iko wapi. Hakuna aliyeomba ruhusa. Ikiwa kuchukua bila kuomba ni kosa, basi kosa limetendeka pande zote mbili za bahari, ingawa upande mmoja una mawakili na upande mwingine una kopo la rangi.

Lakini kuazima kwa Mtoni kuna historia yake, na historia hiyo ni ya wasimulizi. Zama za majumba ya sinema, siku za Idi watoto na wanawake wa Unguja na Dar es Salaam walimiminika kutazama filamu, na filamu ya Kihindi kama Awara, ya mwaka 1951, ilitazamwa na kurudiwa na watu wengi ambao hawakujua Kihindi. Hadithi ilimalizikia nyumbani, pale mwenye kuelewa zaidi alipowasimulia wengine, akaongeza chumvi, akabishiwa. Baadaye yalipokuja mabanda ya video katika mitaa ya Temeke na kwingineko, ulikuja nao mtindo uliokuwa umeshamiri Uganda: mtu akaketi na kipaza sauti akaifasiri filamu kwa Kiswahili huku ikiendelea. Jina la Lufufu lilijulikana kwa kazi hiyo, mabandani na katika kanda. Mfasiri wa namna hii hakufasiri maneno tu. Aliwapa wahusika ukoo, aliwakemea, aliwaonya watazamaji, alimcheka jambazi, alimhurumia mjane. Aliingiza nafsi ya kwanza na ya pili mahali ambapo filamu ilikuwa na ya tatu peke yake.

Tofauti hii ndiyo inayopaswa kushikwa. Harambe imechukua maneno ya Waswahili ikawaacha wasemaji. Banda la video lilichukua picha za wageni likawapa msemaji. Kitendo cha kwanza kinaitwa sanaa na kina hati zote. Cha pili kiliitwa uharamia, na kwa sheria ya hakimiliki huenda ndivyo kilivyokuwa. Lakini uhakiki una mahakama yake nyingine, na katika mahakama hiyo swali si nani ana hati, bali nani amekiongezea uhai alichokichukua.

Hata hivyo, kusema hivyo na kunyamaza kutakuwa ni kujisifu, na sifa za namna hiyo ni usingizi. Mabanda yamepungua, simu imeingia mkononi mwa kila kijana, na mtoto wa Mtoni leo hutazama katuni peke yake, kwa lugha ambayo hajaimudu, bila mfasiri na bila bibi. Mickey wa ukutani amebaki, lakini msimulizi wake amekwenda. Pale ambapo bibi angeanza kwa paukwa na mtoto akaitika pakawa, sasa sauti ni ya upande mmoja. Bembea za Mtoni, kwa maana hiyo, zimeanza kufanana na Harambe: picha ya mgeni, kimya cha mwenyeji. Na ubaya wa kimya hiki ni kuwa hakikuletwa na mtu kutoka Florida.

Mambo yanazidi kusogea karibu. Motiongate, bustani ya filamu ya Dubai, ilifunguliwa Disemba 2016, Warner Bros. World ya Abu Dhabi, katika kisiwa cha Yas, ikafuata Julai 2018. Kutoka Maskati hadi Dubai ni safari ya gari ya saa chache, na Oman imejaa familia zenye asili ya Zanzibar na mwambao ambazo Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Siku za mapumziko huko ni siku za bustani, na picha zake hufika simu za ndugu Ng'ambo na Mtoni kabla ya jua kuchwa. Mei 2025 Disney na kampuni ya Miral ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kujenga bustani ya Disney katika kisiwa hichohicho cha Yas. Ikiwa siku moja patawekwa humo simba na mbao za Kiswahili, mara hii watakaopita mbele yake watakuwamo wenye lugha, pamoja na bibi zao. Litakuwa jambo la kutazama: mji wa bandia utakapoambiwa shikamoo na mtoto, utajibu nini?

Jibu haliwezi kungojwa kutoka huko. Lipo lililokwisha kuanza hapa. Mwaka 2010 katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, zilichukua mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, zikausimulisha ngano za wanyama za Afrika. Umiliki wa jina na mtindo huo ulizua maswali yake, lakini angalau ndege na fisi wake walikuwa na hadithi, na waliowachora walikuwa vijana wa Afrika Mashariki. Januari 2014 Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa TBC, ikiwa imetengenezwa Dar es Salaam, na mwaka 2016 ikafuata Akili and Me, hadithi ya msichana mdogo anayeishi na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro. Mlima ni uleule uliopewa jina la safari ya Florida. Hapa, kwa mara nyingine, mlima umepata mtoto anayesema mimi.

Mtu atauliza: mbona basi Akili hayupo kwenye bembea? Mbona fundi wa mabango hamchori Sungura, Abunuwasi au Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao uleule ambao Harambe imeuiga? Sababu moja ni biashara: mwenye bembea huchora kile ambacho mtoto atakitambua kwa mbali, na mtoto hutambua kile alichokiona mara nyingi. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mhusika hachorwi ukutani kabla hajasimuliwa nyumbani. Mickey hakufika Temeke kwa brashi; alifika kwa miaka mingi ya kusimuliwa bila kuchoka, kwa fedha nyingi, na watu walioamini kuwa hadithi yao inastahili. Liyongo anahitaji imani ya namna hiyo kabla ya kuhitaji rangi, na anahitaji watu wazima wanaoikumbuka hadithi yake hadi mwisho, si wanaolijua jina lake tu kwa kuwa lilikuwamo katika mtihani.

Kwa hivyo hukumu juu ya Harambe isiwe ya kususa. Ni kazi ya ustadi, yenye macho makali na masikio mazito. Imeonyesha kuwa ukuta wa Lamu na neno la Kiswahili vina mvuto wa kuwatoa watu majumbani kwao na kuwafanya walipe. Haikuweza kuonyesha zaidi ya hapo, kwa sababu nafsi ya lugha haihamishwi kwa meli wala haichorwi na msanifu. Hukaa kwa anayeuliza na anayejibu. Jioni ya Sabasaba, baba anaposhuka kituo cha Mtongani na mtoto mgongoni, na mtoto akauliza yule simba alikuwa anawaza nini mle ndani, lugha nzima iko hapo inangoja. Baba akisema amechoka, wataulizwa wengine, na wa kwanza kujibu atakuwa ni simu. Akijibu, hata kwa uongo mtamu wa hadithi, Harambe itabaki kuwa mji wa kupendeza ulioko mbali.